Amadeus au Immortal Beloved: uanze na filamu ipi?

Kwa ukweli wa historia, zote mbili zina walakini: Amadeus (1984), inayomhusu mtunzi wa muziki Mozart, inamtwika mtunzi mwenzake Salieri lawama ya kifo cha Mozart, ilhali ndiye aliyekuja kumfundisha muziki mtoto wa marehemu; nayo Immortal Beloved (1994), inayomhusu mtunzi Beethoven, inamfanya shemeji yake kuwa yule mpenzi asiyetajwa jina ambaye Beethoven alimwandikia barua ya mapenzi mwaka 1812, dai ambalo wanahistoria hawalikubali. Kwa muziki, naiona Amadeus mbele, hasa pale Mozart, akiwa kitandani, anapomsomea Salieri aandike Requiem (misa ya wafu), sauti moja baada ya nyingine, hata asiyesoma nota akaona kazi ikijengeka. Filamu ya pili, iliyo fupi zaidi, inatia fora kwa kuonyesha uziwi: Beethoven analaza sikio juu ya piano. Anayejifunza utunzi aanze na ya kwanza. Mwenye jioni moja tu, ya pili itamtosha.