Unga wa CMC kwa maua ya keki: kopo nililolipima kwa iodini

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilipeleka keki ya ndoa ya ghorofa tatu Kamalondo, hapa Lubumbashi, ikiwa na mawaridi 32 ya sukari. Nilikuwa nimeyatengeneza siku nne kabla, yakakauka mezani kwangu Katuba huku mvua ikinyesha kila alasiri. Tulipofika ukumbini, petali za nje zilikuwa zimelala kama matembele yaliyopigwa na jua. Mama wa bibi harusi hakusema neno, lakini nilimwona akiyaangalia. Usiku ule sikulala.

Kosa lilikuwa kwenye unga. Nilikuwa nimenunua kimfuko cha plastiki kisicho na maandishi, duka moja la mjini, nikaambiwa ni CMC, yaani kaboksimethili selulosi, unga unaochanganywa kwenye donge la sukari ili maua yakauke na kusimama. Sekondari nilisoma kemia na biolojia, kwa hiyo Jumatatu nilipita famasia nikachukua chupa ya iodini ya vidonda. Nikakoroga unga kidogo katika maji, nikadondosha tone moja. Papo hapo maji yakawa meusi yenye bluu, kama wino. Huo ni wanga. Nililipa bei ya CMC nikapewa kitu cha kukorogea uji.

Kopo ninalolisifu leo nililipata katika duka dogo la vifaa vya keki nyuma ya soko la Kenya, ile komuni ya hapa Lubumbashi, si nchi. Ni gramu 50, faranga 20,000, limefungwa vizuri, na limeandikwa E466, ndiyo namba ya CMC kwenye chakula. Nilimwambia mwenye duka kilichonipata. Akanijibu, "Mama, nenda ulipime kwanza, likikudanganya nirudishie." Nikalipima. Tone la iodini likabaki na rangi yake ya chai ya rangi. Halafu nikanyunyizia unga kidogo kwenye glasi ya maji baridi: wanga mbichi ungezama chini ukatulia pale, lakini huu ulivimba, ukawa uteute unaopenya mwanga, na baada ya dakika kumi kijiko kilikuwa kinapita kwa uzito.

Tofauti hiyo inanifurahisha kila ninapoifikiria, maana wanga na CMC vyote ni glukosi, moja baada ya nyingine kwenye mnyororo mrefu. Katika wanga, glukosi zimeshikana kwa namna inayoufanya mnyororo ujisokote kama springi, na iodini ikiingia ndani ya msokoto huo ndipo bluu inapotokea. Katika selulosi, yaani kile kinachofanya mti na pamba viwe vigumu, kila glukosi imepinduliwa ukilinganisha na jirani yake. Mnyororo unanyooka, minyororo inalala bega kwa bega na kukamatana, hata maji hayapati pa kuingia. Ndiyo maana tunafua kitenge cha pamba miaka yote na hakiyeyuki kwenye beseni.

CMC ni selulosi hiyo hiyo iliyobadilishwa kiwandani. Massa ya mti au pamba huloweshwa kwa magadi makali ya sodiamu, kisha huwekewa asidi ya monokloroasetiki. Kila glukosi ina sehemu tatu ambapo kitu kinaweza kuning'inizwa, na hapo ndipo vikundi vya kaboksimethili vinapojishika. Si zote zinazojazwa: kwa CMC ya chakula, mara nyingi ni vikundi 7 hadi 9 kwa kila glukosi 10. Vinatosha. Vina chaji hasi, vinasukumana, minyororo inaachana, na maji yanaingia kati.

Kwenye mikono yangu inakuwa hivi. Nachukua fondanti, lile donge laini la sukari la kupambia keki, gramu 250, nachanganya kijiko kimoja cha chai cha CMC na sukari ya unga kidogo kikiwa kikavu, ili kisifanye mabonge, nakanda, nafunga kwa plastiki, nasubiri nusu saa. Ule mgando wa kunata unaisha, donge linavutika bila kukatika. Nalisukuma kwenye kibao mpaka naona herufi za gazeti chini yake. Ukingo wa petali naupitishia kichwa cha kijiti, unajikunja wenyewe na kubaki hapo hapo. Asubuhi ukiigonga kwa kucha inalia kama kigae. Zamani nilitumia gundi ya tragakanthi, ile inayotoka kwenye kichaka cha Iran. Ni nzuri sana, ila lazima ilale usiku kucha kabla ya kufanya kazi, nami wateja wangu huja Alhamisi wakitaka Jumamosi.

Limau msiweke. Mimi nilikuwa naongeza matone machache kwenye fondanti ili kukata utamu, na mara ya kwanza na kopo hili donge lililegea mkononi, nikadhani nimeuziwa feki tena. Sivyo. Asidi inanyang'anya vile vikundi chaji yake, minyororo inaacha kusukumana, na uzito wa uteute unashuka. Chumvi nayo huudhoofisha.

Mtoto wa mdogo wangu anafanya kazi mgodini. Aliposikia bei akacheka: "Mama mkubwa, huko kwetu inakuja kwa magunia!" Ni kweli, wanaitumia kwenye matangi ya povu, ambamo madini huelea juu, inafunika talki, jiwe laini lisilotakiwa, ili isielee pamoja nayo. Akataka kuniletea kilo mbili za bure. Nilikataa, na nawaomba wenzangu wa keki mkatae pia. CMC ya viwandani mara nyingi hubaki na chumvi na sodiamu glikolati zilizotokana na utengenezaji wake, wakati ile ya chakula lazima iwe safi kwa asilimia 99.5 au zaidi. Keki italiwa na watoto.

Ubaya wa kopo: kifuniko chake hakibani vizuri kikishafunguliwa, na unga huu unavuta unyevu wa hewa. Langu lilianza kushikana mabonge wiki ya pili, nikauhamishia kwenye chupa ya kioo ya jamu. Maelezo ya matumizi pia hayamo, jina na namba tu. Na wakati wa mvua hata CMC halisi ina kikomo: maua yakae kwenye katoni kavu, kamwe si frigo, maana yakitoka humo yanatokwa jasho.

Mwezi wa tatu, mvua bado ipo, nilipeleka mawaridi 40 Ruashi. Nilibakiza moja nyumbani kwa makusudi. Liko juu ya kabati la vyombo mpaka leo, petali zake zote zimesimama.