DOAJ darasani: orodha inayomzoeza mwanafunzi kupekua chanzo

Kwa mwalimu anayetaka wanafunzi wake waachane na mazoea ya kunakili tovuti ya kwanza inayojitokeza, DOAJ, yaani orodha ya majarida ya kitaaluma yanayosomwa bila malipo, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, mwaka 2003, ni huduma ninayoipendekeza kwa moyo mmoja. Ninachokithamini zaidi ni ukurasa wa kila jarida: humo mwanafunzi huona jina la mchapishaji, ada wanayotozwa waandishi, aina ya leseni na namna makala zinavyopitiwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa, na hapo ndipo swali la “nani amesema, na nani amemhakiki?” linapopata majibu ya kushikika. Mwaka 2014 vigezo vilikazwa na majarida yaliyokuwamo yakatakiwa kuomba upya, jambo linalonipa imani. Kutafuta ni rahisi. Hata hivyo, jarida kuwamo kwenye orodha hakuthibitishi kila makala yake, wala kutokuwamo si dalili ya ulaghai, kwani majarida mengi mazuri husomwa kwa malipo tu. Kwa hiyo mimi humtaka mwanafunzi asome kwanza sehemu ya mbinu za utafiti, aangalie waliohojiwa walikuwa wangapi na walipatikanaje, kisha ndipo anukuu.