Rangi za P1 na P2 (darasa la kwanza na la pili): kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Kila muhula ukikaribia, walimu wenzangu hapa Arua, Uganda, huniuliza swali lilelile: hela ya sanaa ni kidogo, watoto ni 60, tununue nini? Nami huwauliza: mnanunulia wiki ya kwanza au wiki ya kumi? Maana dukani kila kitu kinang'aa. Nimepanga hivi kwa kuangalia kinachobaki mkononi mwa mtoto muhula unapoisha.

Namba moja ni krayoni nene za nta, na sioni mpinzani. Mtoto wa miaka 6 bado anashika kalamu kwa ngumi na kukandamiza kama anasaga karanga. Krayoni nyembamba haivumilii mkono huo. Nene ikivunjika, umepata mbili. Ikivuliwa karatasi yake, mtoto huilaza ubavu akapaka anga yote kwa dakika moja. Pakiti ya rangi 12 inatosha watoto wanne, kwa hiyo darasa la 60 ni pakiti 15, wala si 60 kama wauzaji wanavyotaka.

Hapo kwenye kununua ndipo nilipoumia. Niliwahi kubeba pakiti za rangi 24, nyembamba, bei ya chini. "Mwalimu, hii ni orijino kabisa," muuzaji aliniapia. Zilikuwa ngumu kama mshumaa. Zilikwaruza karatasi na hazikuacha rangi. Sasa silipi kabla ya kufungua pakiti moja na kujaribu njano. Nyekundu na nyeusi hata mbovu huonekana, ila njano haifichi kitu. Nyingine: usiziache stoo chini ya mabati wakati wa likizo ya Januari. Ukirudi Februari utakuta donge moja la rangi zote.

Namba mbili hainunuliwi dukani: udongo wa mfinyanzi. Waulize wafyatua matofali wanapouchimba, lipa boda boda alete gunia. Toa mawe na mizizi, ukande, ufunge kwa kitambaa kilicholowa ndani ya kavera (mfuko wa plastiki), nao utakaa laini kwa siku nyingi. Watoto hufinyanga vyungu, ng'ombe, gari la mjomba, kisha unarudisha yote kwenye maji na kuanza upya. Wazazi wengine hulalamikia sare chafu. Waache walalamike, ila panga somo hilo Ijumaa.

Tatu ni rangi ya unga. Kwa ukubwa wa picha inayotoka, hii ndiyo nafuu kuliko rangi za maji za vidonge, ambazo watoto 60 huzigeuza tope la kahawia kabla ya kengele. Koroga unga wa rangi kwenye uji mwepesi wa muhogo uliopoa. Rangi itashika karatasi bila kuchuruzika. Koroga ya siku hiyo tu, kwani uji huo huchacha na panya huupenda. Brashi nunua chache, nene. Kijiti cha mgomba kilichotafunwa ncha kinafanya kazi vizuri, na vidole ni bure.

Penseli za rangi naziweka nne, na kosa si lao. Zinapendeza kuanzia P3, mkono ukishatulia. Kwa wadogo tatizo ni kuchonga: mtoto mmoja anachora, watano wamepanga foleni, na mmoja wao ana wembe mfukoni. Ukizinunua, nunua na kichongeo cha kufunga mezani, ukae nacho wewe. Chaki za rangi nazo ni rahisi mno, na sakafu ya saruji ni karatasi isiyoisha, lakini vumbi lake huwasumbua wenye pumu, kwa hiyo toka nazo nje.

Mwisho kabisa ni maka, kalamu za wino wa rangi. Mifuniko hupotea siku ya pili, wino hukauka siku ya tatu. Nunua mbili, za mwalimu.

Rangi ya mafuta ya kupakia nyumba isiingie darasani hata ukipewa bure. Huenda ina madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto, na kuitoa mikononi unahitaji mafuta ya taa. Nimeona mikebe iliyobaki baada ya kupaka ofisi ikipelekwa P1 kama zawadi.

Karatasi ndiyo itakayokula bajeti yako, kwa hiyo piga hesabu kabla ya rangi. Watoto 60 kwa wiki 12, karatasi moja kila wiki, ni 720. Rimu moja ina 500. Ikate katikati upate 1,000, nazo zinatosha picha ya P1. Mwenye ndugu Kampala amtume Nasser Road, mtaa wa wachapishaji, akaulizie vipande vinavyobaki kwenye mashine za kukatia. Basi la usiku litavileta asubuhi. Mwambie tu avifunge kwa kavera mbili, mvua isije ikavikuta stendi.