Huduma ya msiba Dar mpaka Rombo, haya ndo niliyoyaona

Bibi yetu alifia Dar mwezi wa sita na mimi ndo nikapewa kazi ya kutafuta jeneza, gari na maturubai, kitu ambacho sijawahi kufanya maishani. Niliwapigia watu wawili wa mwanzo wakaanza na pakeji, sijui ya dhahabu sijui ya fedha, kama nauliza ukumbi wa harusi, nikakata simu nalia. Wa tatu ndo hawa ninaowasifia hapa. Dada aliyepokea simu hata bei hajaitaja, akasema "pole sana, kwenu mnazika wapi na ni dini gani?"

Swali hilo lilituokoa maana familia yetu imechanganyika. Bibi ni Mchaga, na kwetu hata mtu akae Dar miaka 40 anarudishwa kihambani, yaani shamba la ukoo huko Kilimanjaro, azikwe kwenye migomba na waliomtangulia, kwahiyo mwili unakaa mochwari mpaka wa mbali wafike na michango itimie. Sasa mama mdogo kaolewa Tanga, mumewe Muislamu, kwao maiti akishaoshwa na kuvishwa sanda anawahiwa kuzikwa, siku hiyohiyo ikiwezekana. Siku ya nne bibi bado yuko kwenye friji, baba mdogo chakula hakipiti, anaumia kabisa, wajomba nao wanaona anataka kuwaburuza. Wote walikuwa wanamlilia bibi yuleyule, ila kila mmoja kwa namna aliyoiona kwa wazee wake toka mdogo. Yule dada akaja nyumbani, akakaa mkekani na kina mama, akawasikiliza wote, kesho yake akaiwahisha safari kwa siku moja bila kutuongezea hata mia.

Dereva naye Mungu ambariki, njia nzima hakuwasha redio, kina mama wakiomba kusimama anasimama, na tulipofika kule juu akashuka kusaidia kubeba jeneza kwenye njia ya tope.

Kilichoniuma ni mpiga video wao. Alikuwa anamulika taa usoni kwa watu wanaolia, mawifi wa mama mdogo wakawa wanajifunika mitandio na yeye bado anawafuata, mpaka kaka akamwambia azime. Kamera ilikubaliwa na kamati, wafiwa wenyewe hatukuulizwa. Mkiwachukua malizaneni nao hilo siku ya kwanza kabisa.

Jeneza, gari ya mwili, Coaster ya abiria 29, maturubai 3 na viti 150 kwa siku 5 ilikuja 4,200,000. Tulitanguliza nusu, nyingine tukalipa baada ya kuzika na hawakutusumbua kwa simu.

Nawapa nyota 4, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya kamera. Wiki iliyofuata yule dada alinipigia, nikajua anadai kitu, kumbe anauliza tu kama tumeanua tanga salama na mama anaendeleaje.