Sola ya nyumba ndogo Dodoma: kabla ya kuongeza paneli, uliza inveta inakula ngapi

Malalamiko mnayonitumia kutoka Nzuguni, Hombolo mpaka Bahi yanafanana mno: betri mpya, paneli mpya, jua la Dodoma lipo la kugawa, halafu saa nane usiku inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuchomekea tv) inalia piii piii, giza. Fundi anakwambia ongeza paneli. Jamani, msiongeze chochote kwanza.

Kujumlisha wati za taa kila mtu anajua, sitapoteza muda. Taa 5 za wati 7 na tv ya wati 40, zikiwaka saa tano kwa siku, ukiweka na simu unacheza kwenye wati-saa 425 hivi. Kinachosahaulika ni inveta yenyewe. Inakula umeme hata kama hujachomeka kitu, na hizi za bei chee kula wati 15 ikiwa imekaa tu ni kawaida, sasa zidisha kwa saa 24 upate 360, yaani umemweka mpangaji anayekula karibu sawa na familia nzima na kodi halipi. Jumla 785. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200 na unatakiwa kutumia nusu tu, 600, ukipitiliza kila siku unaiua mapema. Ikishachoka hivyo lazima usiku ulale giza.

Kama ushanunua, pima. Zima kila kitu, inveta iache on, fundi apitishe klampu mita, kile kipimo cha kubana waya (kiwe kinapima DC, umeme wa betri, siyo AC tu), kwenye waya mwekundu wa betri. Ikisoma ampea 1.3 ndo hizo wati 15 na ushee.

Kama bado hujanunua, inveta namba moja kwangu ni Victron Phoenix 12/500 na sifichi, hawa jamaa nawapenda. Bila mzigo, yaani haijachomekwa kitu, inakula kama wati 6, na ukiiweka ECO (hali ya kubana matumizi) inashuka zaidi. Ipe betri ya lithiamu ya ampea-saa 100, hiyo asilimia 80 unatumia bila wasiwasi, kontrola (inayosimamia paneli ikichaji betri) SmartSolar 75/15, paneli wati 200. Kwa hesabu ya saa 5 za jua kali hata 120 ingetosha, ila kuna vumbi, joto linapunguza nguvu ya paneli, na kuna mawingu ya Januari. Ni ghali, najua. Na pasi usithubutu kuichomeka.

Namba mbili, zile mashine za ukutani za volti 24 zenye kila kitu ndani, inveta na kontrola pamoja. Chukua kama una friji, vinginevyo nyingi zinakula wati 30 na zaidi zikiwa zimelala.

Taa na simu tu? Seti ndogo ya Sun King, inatosha, haina hata inveta.

Sasa wauzaji. Unauliza inakula ngapi bila mzigo, anakujibu "hii kubwa dada, wati 3000, itakufaa hata baadaye", hajui na hataki kujua, na bei anaitaja akishaangalia umekuja na gari gani. Mwingine anakuuzia betri ya asidi imeandikwa 100 unainyanyua kwa mkono mmoja kama kapu la nyanya, wakati ya kweli inakaribia kilo 30! Nenda na mzani, wakinuna wanune, na risiti iandikwe modeli kamili, siyo "inveta 1".