TAHADHARI: Lenzi za "kubadilika rangi juani" zinazotembezwa Arusha na Moshi hazibadiliki rangi

Wakuu, huu ujumbe ni kwa watu wa Arusha na Moshi wanaovaa miwani ya namba, na kwanza kabisa madereva wa watalii wenzangu, waongozaji wa mlimani na wagumu, yaani wabeba mizigo wa Kilimanjaro. Kuna jamaa anazunguka na begi la sampuli akiuza lenzi za fotokromiki, yaani zile zinazokuwa nyeupe ukiwa ndani na kugeuka nyeusi ukitoka juani. Alianzia Arusha, kwenye maegesho ya magari ya safari na kwenye ofisi za mjini. Sasa watu wa Moshi wananiambia yuko kwao, anaonekana upande wa Mbuyuni na karibu na stendi.

Anachouza si fotokromiki. Nimeshika miwani za watu aliowauzia na nimeziona kwa macho yangu. Baadhi ni lenzi zilizopakwa rangi hafifu ya moshi, iko pale usiku na mchana. Nyingine ni lenzi za kuchuja mwanga wa bluu, ambazo wauzaji wanaziita blukati, zenye ule mng'ao wa zambarau kwa juu. Anatoza kati ya shilingi 120,000 na 180,000, kutegemea anavyokuangalia na gari uliloshuka.

Ninaandika kwa urefu kwa sababu huyu si tapeli wa kubahatisha. Anaijua lenzi halisi kuliko wauzaji wengi wa dukani, na kila uongo wake ameuegemeza kwenye ukweli fulani. Ndiyo maana watu wenye akili zao timamu wamelipa, na waliporudi kulalamika akawajibu mpaka wakajiona wao ndio hawaelewi.

Tuanze na maonyesho yake. Anatoa kikadi cheupe na kalamu yenye mwanga wa zambarau. Anamulika kadi, palipomulikwa panageuka bluu iliyokolea. Halafu anaweka lenzi katikati, anamulika tena, kadi inabaki nyeupe. "Umeona bosi? Lenzi inakula mionzi." Watu wanaguna, simu zinatoka, M-Pesa inasoma. Sasa rudi nyuma kidogo: kilichobadilika rangi hapo ni nini? Ni kadi! Lenzi ilikaa vile vile mwanzo hadi mwisho. Kilichoonyeshwa ni kwamba inazuia mwanga wa ile kalamu, na hilo hata blukati ya bei ya chini inaliweza. Katika begi lake zima, kitu cha fotokromiki ni hicho kikadi.

Ukimuuliza kwa nini bei iko juu, anasema ndani mna madini ya fedha. Hili nalo hakulitunga. Lenzi za kwanza za namna hii zilitoka kampuni ya Corning ya Marekani katika miaka ya 1960. Zilikuwa za kioo kizito, na ndani ya kioo mlikuwa na chembe ndogo mno za chumvi ya fedha zinazotia giza zikipigwa na mionzi ya jua, kisha kurudi kuwa angavu mionzi ikiondoka. Wazee waliozivaa wanazikumbuka kwa jinsi zilivyokuwa zikielemea pua. Lakini zinazouzwa leo karibu zote ni za plastiki, na za plastiki zilishika soko tangu mwaka 1991 kupitia kampuni ya Transitions. Humo hamna fedha. Mna molekuli ambazo zikipigwa na mionzi ya UV, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, hufunguka, hubadili umbo, na kwa umbo hilo jipya hunyonya mwanga. UV ikiondoka, joto huzirudisha zilivyokuwa. Gonga lenzi yake kwa ukucha: plastiki tupu. Kwa hiyo anakuuzia hadithi ya kioo cha zamani juu ya kipande cha plastiki.

Ukirudi kulalamika kwamba haibadiliki, jibu la kwanza ni mawingu. Arusha na mawingu yake, nani atabisha? Ila kinachoiamsha lenzi ni UV, siyo ukali wa mwanga unaouona, na mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya UV. Tena sisi tuko juu: mji wa Arusha uko kwenye mita 1,400 hivi, na UV huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Lenzi ya kweli, nje, saa sita mchana, hata siku ambayo mlima Meru umejifunika, itatia giza la kuonekana.

Jibu la pili ni joto, na hili anawapa zaidi watu wa Moshi. Ni kweli kwamba joto linaipunguza nguvu lenzi hii, kwa sababu joto ndilo linalozirudisha zile molekuli. Jozi moja itakolea zaidi Arusha asubuhi ya Julai kuliko Moshi mchana wa Februari. Lakini kukolea kidogo na kutokolea kabisa ni vitu viwili. Mama yangu mdogo, mwalimu wa Moshi, aliambiwa asubiri msimu wa baridi. Asubiri msimu, kwa pesa aliyokwisha kulipa!

Jibu la tatu ndilo linalotuhusu sisi wa kwenye usukani. Akikuuzia, anaapa kwamba inafanya kazi hata ndani ya gari. Ukilalamika, anageuka: "Kioo cha gari kinazuia UV, bosi, hilo linajulikana." Na kweli linajulikana! Kioo cha mbele cha gari ni tabaka mbili zilizogandishwa na plastiki katikati, na kinazuia karibu UV yote. Lenzi ya kawaida ya fotokromiki, hata ile halisi kabisa, ukiwa umefunga vioo barabara ya Makuyuni na jua liko usoni, haitatia giza la maana. Zipo aina chache zilizotengenezwa zihisi pia mwanga wa kawaida, hizo hutia giza kiasi ndani ya gari, na bei yake inajulisha. Kwa kazi yetu fotokromiki inafaa ukishuka kumwonyesha mgeni kitu, au ukisimama kwenye paa lililofunguliwa. Kwa kuendesha, miwani ya jua ya namba iliyo kwenye dashibodi bado ndiyo mfanyakazi. Muuzaji mwaminifu anakwambia hivyo kabla hujalipa.

Hasara ya pesa ningeimeza. Kinachonikera ni usiku. Dereva mwenzangu aliuziwa zile zenye rangi ya moshi, na akawa anarudi nazo toka Karatu jioni kwa kuwa aliaminishwa kwamba jua likizama zinakuwa nyeupe. Alianza kulalamika kwamba taa za gari zimefifia. Akapeleka gari kwa fundi umeme, akabadilishiwa balbu, akaona bado. Tulipoiweka miwani juu ya karatasi nyeupe mezani ndipo tukaona: kivuli cha kijivu, ndani ya chumba, saa mbili usiku. Alikuwa anaendesha Land Cruiser ya watu saba na miwani ya jua usoni. Mabodaboda wa Sakina na Kijenge, hili ni lenu pia.

Na mlimani anadanganya vibaya zaidi. Anawaambia waongozaji na wagumu kwamba hiyo inatosha hadi Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, hakuna haja ya miwani ya theluji. Hata fotokromiki halisi ya kawaida haitoshi kule. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya UV usoni, na wewe uko karibu mita 5,895 ambako hewa ni nyembamba. Miwani ya kule ni ya daraja la 4, inayopitisha asilimia 3 hadi 8 tu ya mwanga na kufunika pembeni. Fotokromiki za kawaida zikitia giza lote huishia daraja la 3. Ajabu ni kwamba kwa baridi ya juu lenzi halisi inakolea sana, na ukiingia hemani inachelewa kurudi. Ile ya jamaa ni hatari kwa namna nyingine: lenzi iliyopakwa rangi tu bila kinga ya UV inafanya mboni ipanuke, na mionzi inaingia kwa wingi. Jicho lililoungua kwa theluji haliumi pale pale. Linaanza kuuma saa kadhaa baadaye, na hapo mtu hafungui macho.

Najua wengi hamzinunui kwa ajili ya UV wala theluji. Mnazinunua kwa muonekano, na sioni ubaya. Fremu moja inayokupa sura mbili ni raha, machalii wanalijua hilo. Jamaa analijua pia, ndiyo maana ana zile za juu giza na chini nyeupe, anaziita toleo la kisasa. Ziangalie ndani ya nyumba: juu bado giza. Hiyo ni rangi ya kuchovya. Ya kweli inapatikana kwa kijivu, kahawia na kijani. Mimi napenda kahawia kwa vumbi la porini, kijivu haichakachui rangi za vitu, hayo ni mapenzi tu. Ila mjue na usumbufu wake. Inatia giza kwa sekunde thelathini hadi dakika moja, lakini kurudi inachukua dakika kadhaa. Picha za harusi nje ya kanisa, macho yako hayatoonekana. Ukiingia msibani toka juani unawasalimia wazee ukiwa na miwani meusi, na mzee wa Kimachame hatakusubiri umweleze mambo ya molekuli. Vua, shikamoo, kisha vaa.

Sasa namna ya kumpima yeye au mwingine yeyote kabla pesa haijatoka.

Weka miwani juu ya karatasi nyeupe kivulini. Ya kweli itakuwa karibu nyeupe, pengine na kivuli kidogo sana. Kisha bandika kipande cha utepe au stika katikati ya kila lenzi, toka nayo nje juani, hesabu dakika moja, rudi kivulini na ubandue haraka. Kama ni fotokromiki utaona umbo la stika limebaki jeupe na pembeni pameiva, na lenzi zote mbili zimeiva sawa. Kama moja imekolea kuliko mwenzake, zimetoka mafungu tofauti au moja ni ya zamani, maana nguvu yake hupungua kwa miaka. Muuzaji akikuzuia kutoka nayo nje, mazungumzo yameisha.

Njia nyingine ni tochi ya kukagulia noti, wenye maduka ya jumla na baadhi ya mawakala wanazo. Mulika lenzi yenyewe, siyo kadi, kwa nusu dakika. Ya kweli inaacha doa jeusi linalofifia taratibu. Za jamaa nilizimulika zote kwa wakala wa jirani, hakuna iliyoacha hata kivuli.

Na dai bahasha ya lenzi. Lenzi hutoka kiwandani kwenye bahasha yake yenye maandishi ya aina na namba. Yeye anakuletea fremu ikiwa imeshafungwa lenzi, bahasha "imebaki kwa fundi".

Kuhusu namba zenyewe nitasema machache. Jamaa anachukua picha ya karatasi yako ya vipimo kwa WhatsApp, hata ikiwa ya miaka iliyopita, na hapimi umbali kati ya mboni zako mbili. Hapo hata lenzi ingekuwa halisi, kichwa kingeuma. Kwa Moshi mna hospitali ya KCMC na idara yake ya macho, hamna sababu ya kupimwa na mtu wa begi. Popote mnaponunua, ombeni risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iliyoandikwa aina ya lenzi. "Miwani" peke yake haikusaidii siku ya kudai. Jamaa hana risiti, na jina linalotokea ukilipa silo analojitambulisha nalo. Hapo tu pangetosha kukatisha muamala.

Kwa ambao mmeshauziwa: kama ni zile zenye rangi, acheni kuendeshea usiku kuanzia leo, hata kama namba imekaa sawa. Msitupe miwani, wala msifute meseji za malipo na mazungumzo, hata kama amewablok. Namba yake ya simu itumeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Kuhusu bidhaa yenyewe, wanaohusika ni Tume ya Ushindani, FCC. Wenzangu watatu wa kwenye maegesho tayari wameandika maelezo yao na tunakusanya mengine ili yapelekwe pamoja, kwa hiyo aliye tayari anitumie ujumbe binafsi: tarehe, eneo, kiasi, na picha ya lenzi juu ya karatasi nyeupe. Namba za simu na picha za sura yake msiziweke hapa hadharani, zitapelekwa zinakotakiwa.