Shogi nchini Japani: uchezaji wa kulipwa wa wanawake au Shoreikai?

Shogi ni mchezo wa ubao unaofanana na sataranji, na Shoreikai ni chuo kinachoandaa wachezaji kamili wa kulipwa, ngazi iliyo tofauti na ile ya wanawake. Kwa upande wa kipato, uchezaji wa kulipwa wa wanawake unashinda waziwazi. Fukuma Kana, aliyejulikana zamani kama Satomi, aliingia humo mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 12, akatwaa mataji mengi, ilhali wanafunzi wa Shoreikai hulipa ada na michezo yao haiwaingizii kitu.

Kwa kupima uwezo, Shoreikai haina mpinzani, ingawa ni kali mno: ligi yake ya dani (daraja la ustadi) ya 3, yenye michezo 18, kwa kawaida hupandisha wawili tu kila nusu mwaka kuwa wachezaji kamili, na umri wa miaka 26 ndio mpaka. Mwaka 2020 Nishiyama Tomoka alishinda michezo 14, akapoteza 4, akawa wa tatu. Matokeo hayo yananiuma hadi leo.

Aliyechagua upande wa wanawake bado anaweza kufuzu kwa mtihani wa michezo 5, ambapo ushindi mara 3 humfanya mchezaji kamili. Fukuma alishindwa mwaka 2022, naye Nishiyama, aliyekuwa amehamia upande huo, aliukosa kwa mchezo mmoja Januari 2025.

Binti ambaye familia yake inamudu kungoja, na ambaye hataki cheo kingine ila cha mchezaji kamili, aende Shoreikai. Anayelazimika kujitegemea mapema atafaidika zaidi na mashindano ya wanawake.